Goti la Panzi

Jina la Panzi nilipewa na mjomba, kaka yake mama, kabla hata sijaanza shule. Kila mtaro niliouona niliuruka, na ulionishinda niliulilia mpaka nirudishwe nikajaribu tena. Siku hizo mjomba alikuwa fundi wa simu, wale wa kupanda nguzo: mrefu, mwembamba, mkanda mpana wa ngozi kiunoni. Jumapili alinichukua tukaenda kwenye kilima nyuma ya mji, na huko ndiko alikonifundisha kupanda miti. "Mguu ndio ukubebe, Panzi. Mkono kazi yake kushikilia tu." Nilirudi nyumbani nimechubuka huku na huku, na mama akituona tunaingia uani aliacha cherehani yake akatutokea mlangoni.

"Haya, nani atamwoa huyu na magoti haya?"

"Atakayeweza kumkimbiza," mjomba alijibu, na wote wawili walicheka, mama akijitahidi asicheke.

Ukubwani niliajiriwa kwenye kitalu cha miche, nikawa mkusanyaji wa mbegu. Mama alisema ni utundu ule ule, ila sasa nalipwa. Mti mrefu haukuangushii mbegu zake nzuri; zinazofika chini nyingi zimeshatobolewa na wadudu. Lazima mtu azifuate juu. Tulirusha kifuko cha mchanga chenye uzi mpaka kipite juu ya tawi nene, uzi ukavuta kamba, kisha kamba ikanipandisha mimi. Wenzangu walitandaza turubai chini, nami huko juu na mkasi wa mpini mrefu nikakata vitawi vyenye matunda, mti mzima ukiyumba taratibu chini yangu. Asubuhi kule juu kulikuwa na harufu ya majani mabichi na utomvu. Mpaka leo nikiwa nimechoka nafumba macho naitafuta harufu ile, na kuna siku inakuja.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita goti lilipoharibika, tena sikuwa juu ya mti. Jumamosi moja mimi na wenzangu wa kitalu tulipanda kile kilima kujifurahisha tu, na wakati wa kushuka nikawa nakimbia, kama nilivyokimbia pale tangu mtoto. Mtu akaniita kutoka nyuma. Nikageuka, mwili ukageuka, mguu ukabaki umenaswa kati ya mizizi. Nikasikia ndani ya goti mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjwa. Nilikaa chini nikaanza kucheka, kwa aibu. Kisha nikajaribu kusimama, kicheko kikakatika.

Walinishusha mgongoni kwa zamu. "Kumbe panzi ana uzito wa ndama!" walisema, wakihema. Tulipofika chini goti lilikuwa limevimba kama papai.

Daktari wa mifupa alikuwa mama mfupi, miwani yake ameifunga kamba shingoni. Juu ya meza yake palikuwa na goti la plastiki lenye bawaba, akalikunja na kulikunjua huku akinieleza. Ukano wa katikati, ule unaozuia mfupa wa chini usichomoke kwenda mbele, kwangu ulikuwa umekatika kabisa, na ukishakatika haujiungi wenyewe.

"Kwa hiyo lazima nipasuliwe," nilisema.

"Nani kasema lazima? Wako watu wengi wanaishi bila huu. Wanafanya mazoezi, wanaimarisha paja, wanatembea, wanaendesha baiskeli, wanalea watoto wao. Hebu niambie kwanza, Jumatatu yako inakuwaje?"

Nikamwambia. Nilianza na gari la kitalu linalotupitia alfajiri, nikafika kwenye kamba, kwenye miti, kwenye makorongo tunayoyavuka na magunia begani, halafu bila kuulizwa nikaingia kwenye Jumamosi na Jumapili. Nesi alichungulia mlangoni mara mbili. Daktari akavua miwani.

"Mh," alisema. "Goti lako lina kazi kweli."

Hakunificha kitu. Akinipasua, atachukua kano kutoka nyuma ya paja langu mwenyewe, aipitishe pale ulipokuwa ukano wa zamani, na karibu mwaka mzima utapita kabla sijapanda mti. Goti nililozaliwa nalo hakuna wa kunirudishia. Nisipopasuliwa, mazoezi yanaweza kunitosha. Lakini kwa maisha kama yangu goti huenda likawa linanitoka ghafla, na kila likitoka linazidi kusaga gegedu, ule mto laini kati ya mifupa. "Anza mazoezi," alisema. "Utayahitaji kwa vyovyote vile. Halafu urudi, tuongee."

Mama hakutaka hata kulisikia neno kupasuliwa. Alikuwa anashona sare za shule, kitambaa cha bluu kimejaa sebule nzima.

"Walaze mwanangu kwa dawa, wamkate mguu mzima mzima, mimi nimekaa nje kwenye benchi nahesabu vigae? Sitaki. Mjomba wako goti lilimtoka hivyo hivyo. Hakuna aliyemgusa na kisu, na anatembea mpaka leo."

Ni kweli, mjomba alikuwa anatembea. Alitembea kutoka kitandani hadi barazani, na jioni akaenda dukani na kurudi.

Basi nikaanza mazoezi. Mtaalamu wa viungo alikuwa baba mmoja mnene, mpole, anayeimba chini chini huku anakubana mguu mpaka machozi yanakutoka. Uvimbe ulikwisha, paja likaanza kurudi, nikapanda baiskeli. Kazini walinihamishia chumba cha kuchambua mbegu. Nilikaa kwenye kigoda karibu na dirisha, mbele yangu ungo na mafungu ya mbegu, nzima huku, mbovu kule. Kila asubuhi nilisikia wenzangu wanarusha kamba nyuma ya gari, wakipigiana kelele, kisha gari linaondoka na kitalu kinakuwa kimya. Mwanzoni kimya kile kilinifanya niinuke kuchungulia dirishani. Baadaye nikakizoea. Chai ilikuwa ya moto wakati wowote, mvua ikinyesha silowi, na mkuu wa kitalu alinisifia kwamba sijawahi kupitisha mbegu mbovu. Nikaanza kujiambia kwamba pengine haya nayo ni maisha.

Siku moja nilikuwa nimebeba trei ya miche kutoka bombani. Mtu akaita, "Panzi!" nikageuka kumwitikia, goti likachomoka na kurudi. Nikajikuta nimekaa kwenye tope, miche imetapakaa. Maumivu hayakuwa mengi. Kilichoniingia moyoni ni jinsi walivyonijia: mmoja akaokota trei, mwingine akanishika kwapa, na hakuna aliyeshangaa. Hawakutania hata kidogo. Nilikuwa nimeshakuwa mtu ambaye huanguka.

Kutoka pale sikwenda nyumbani, nilikwenda kwa mjomba. Nilimkuta barazani, mguu ameunyoosha juu ya stuli kama kawaida yake, redio pembeni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Panzi. Mbona una tope mpaka masikioni?"

Nikamweleza. Nikamweleza na maneno ya daktari, na ya mama, na chumba cha mbegu. Kisha nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza maisha yangu yote. "Wewe uliacha lini kupanda kilima?"

Alizima redio. "Unajua, na mimi huwa najiuliza. Siku hiyo siioni. Goti liliponitoka kazini waliniambia nipumzike kidogo, wakaniweka ndani, chumba cha kuunganisha simu. Nikasema sawa, mpaka lipone. Likawa linanitoka mara moja moja. Nikaacha nguzo. Halafu kilima nikawa naishia katikati, nakaa kwenye jiwe nakusubiri wewe umalize ushuke. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Nilidhani alikuwa anakaa kwa sababu anapenda kukaa.

"Halafu nikawa naishia chini. Halafu Jumapili zikawa na mvua, au nina mgeni. Hakuna siku niliyosema leo naacha. Ningesema, ningejua la kufanya."

"Kwa hiyo nipasuliwe?"

"Ah, usinitwike mzigo huo!" Akacheka. "Mimi si mtu wa kukwambia. Kule kwenye simu ndani ndiko nilikompata mke wangu, sauti yake ilikuwa inakuja kwenye waya kutoka mji mwingine, siku nzima, 'Haloo, nipe laini.' Ningebaki juu ya nguzo ningemsikia wapi? Siwezi kusema nilipotea. Ila mimi sikuchagua, nilisukumwa tu polepole kama kiti. Wewe kaa na goti lako mchague. Mkisema hapana, iwe hapana ya kweli. Hata hiyo ni nzuri."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, taratibu, nikiangalia kila ninapokanyaga. Nilijaribu kuisema ile hapana kwa sauti, kuisikia ilivyo. Niliisema mara ya kwanza mbele ya banda la kinyozi, mtu akageuka kuniangalia. Niliisema tena kwenye kona ya nyumbani, na nikajua kwamba siiamini.

Mama alikuwa kwenye cherehani. "Mama," nilisema, "nitapasuliwa."

Hakuinua kichwa. Mguu wake uliendelea kukanyaga, sindano ikamaliza mshono wote mpaka mwisho wa kitambaa, akakata uzi kwa meno. Akaitoa tepu ya kupimia shingoni.

"Utahitaji suruali pana mguu huo, bandeji isibane," alisema. "Simama vizuri nikupime."

Alinipima huku machozi yanamlenga, pua inavuta, nami niliangalia ukutani ili asijue nimeona.

Siku yenyewe siikumbuki sana. Nesi alinichora mshale kwa kalamu kwenye mguu wa kupasuliwa, akaniuliza kama ndio huu, nikasema ndio, akaniuliza tena. Mama alikaa kwenye benchi na begi lake mapajani. Nilipozinduka alikuwa ameinama juu yangu, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Vigae vya ule ukumbi havijapangwa sawa."

Kisha ukaja ule mwaka wa sebuleni. Meza ya kukatia nguo ilisogezwa, kitanda changu kikawekwa chini ya dirisha, magongo yameegemea ukutani. Mwanzoni nilijuta. Mguu ulikuwa mzito kama wa mtu mwingine, na kuukunja tu hadi pale nilipoambiwa kulinitoa jasho. Usingeamini, lakini mama, yule wa sitaki, ndiye aliyekuwa msimamizi. Alikanyaga cherehani huku ananihesabia kwa sauti, na nikijaribu kuruka moja, "Rudia hiyo, nimeiona." Kila Ijumaa alinipima mapaja yote mawili kwa tepu. Paja langu lilikuwa limekwisha, limelegea kama soksi ya zamani. Likiongezeka hata upana wa kucha, alikwenda mlangoni kuwatangazia majirani.

Mjomba alikuja mchana, akiburuza mguu wake, akakaa kwenye kiti cha wateja. Tulinyoosha miguu yetu mibovu kwenye stuli moja, tukacheza karata, akaniibia waziwazi. Wakati mwingine alijaribu mazoezi yangu, akafika la pili akasema mtaalamu wangu ni mchawi. Mvua ilipiga bati. Sebule ilinukia mafuta ya cherehani na kitambaa kipya, na mama na kaka yake wakabishana kuhusu mambo ya utoto wao, nani alimwangusha nani kisimani, mpaka chai ikapoa.

Siku hizi nyumba ile wanaishi watu wengine, na wameongeza chumba pale palipokuwa na ua. Mjomba alitutoka, na mama akamfuata. Goti lenyewe halijanitupa. Nimepanda nalo miti miaka mingi. Hukaza asubuhi za baridi, na mteremko nashuka kwa adabu, vijana wa kazini wananipita mbio. Zamani nilidhani nikizeeka nitakililia kilima. Kinachonijia mara kwa mara ni ile sebule, na yule anayenihesabia.

Siku niliyopanda mti kwa mara ya kwanza tangu upasuaji, niliogopa. Nilipanda polepole, na njia nzima nililiwaza goti, mimi ambaye kabla ya kuumia sikujua hata kama ninalo. Hilo lilinihuzunisha kidogo. Kisha nikafika kwenye tawi, nikajifunga, mti ukaanza kuyumba, nikakaa tu pale bila kukata kitu mpaka wenzangu wakaanza kupiga kelele chini.

Jioni hiyo nilipoingia nyumbani, mama na mjomba walikuwa wamekaa wananisubiri, wanajifanya hawanisubiri.

"Limeuma?" mama aliuliza.

"Kidogo."

Akaitikia kwa kichwa. Akaendelea kukunja nguo, akaikunja moja, akaikunjua, akaikunja tena. Miaka yote ile ya miti na kamba hakuwahi kuniuliza lolote zaidi ya nimekula au sijala.

"Ukiwa kule juu kabisa," alisema, "unaona nini?"

Mjomba alisogeza stuli yake karibu. Nikakaa sakafuni katikati yao, nikaanza kuwaeleza.