Ruhusa ya Kuzima Pampu

Niyonzima hakuwa na cheti cha kidato cha nne. Hakuwa na baba, hakuwa na ndugu ofisini, hakuwa na buti za kazi zinazomtosha, na Kiingereza kilichoandikwa kwenye ubao wa vidhibiti alikitambua kwa kukariri sura ya maneno. Tena hakuwa na jeuri hata chembe, na hilo ndilo lililonisumbua. Mengine nilijua namna ya kuyatibu, maana mimi mwenyewe ufundi niliupata kwa masomo ya jioni pale Kasulu, baada ya kazi, nikiwa tayari mtu mzima mwenye watoto.

Mwaka 1996 kampuni moja ilikuwa inajenga bohari ya dizeli nje kidogo ya Kibondo, kwa ajili ya malori yaliyohudumia kambi za wakimbizi. Niliajiriwa kuwafundisha waendeshaji wa pampu. Mtambo wa mazoezi haukuwapo, kwa hiyo nilinunua tangi la choo cha kuvuta dukani kwa Nurudini, nikalifunga ukutani darasani.

"Tazameni boya," niliwaambia. "Maji yakipanda linapanda, likifika juu linafunga bomba. Limepima, limelinganisha, limechukua hatua. Ubao wote wa bohari unafanya hayo hayo. Sasa boya likikwama, nani anafunga?"

"Sisi."

"Na mkichelewa?"

"Mafuta yanamwagika."

"Na kule nje kuna mama anakaanga maandazi."

Walimjua yule mama, na jiko lake pia.

Niyonzima aliongoza katika kila kitu ila kimoja. Kwetu kumwamkia mkubwa ni kazi ya mikono miwili: unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, unauliza habari za nyumba, za ng'ombe, za mvua. Kila nilipoingia wakati wa zoezi lake, aliachia bomba alilopaswa kulifunga akanipigia makofi. Maji yalifurika mpaka kwenye viatu vyangu, naye bado anauliza mke wangu ameamkaje.

"Amekufa," nilimjibu siku moja.

"Lini, Mwalimu?"

"Sasa hivi. Kwa moto wako."

Wenzake walicheka sana. Yeye aliinama akakausha sakafu, na tangu siku hiyo alianza kukaa amenipa mgongo. Lakini mimi nilikuwa nimemzoesha. Je, angeweza kwa mtu mwingine?

Bi Asmahani, mhandisi wa kampuni, alikuja kutoka Dar es Salaam kuamua kama Niyonzima aachiwe ubao peke yake. Akishindwa, nafasi ingekwenda kwa mtu wa Dar. Tangi kubwa lilikuwa bado linajaribiwa kwa maji kabla ya kutiwa dizeli.

"Boya nimelifunga kwa waya," aliniambia pembeni. "Halitazima chochote. Tuone kijana wako."

"Hilo jepesi, Mhandisi. Nimekuongezea jaribio la pili."

Nilikuwa nimemwalika Mzee Nizigiyimana, katekista aliyemlea Niyonzima tangu walipovuka mpaka kule Mabamba. Nilimwambia aje kuona kazi ya mwanawe, basi.

Pampu iliunguruma. Mshale ulipanda, ukapita alama ambapo boya lilipaswa kuzima, ukaendelea. King'ora kikalia, na ndipo nilipomfungulia mzee mlango.

"Wiriwe, mwana wanje," akasema mzee, akimwamkia mwanawe kwa lugha ya kwao, mikono tayari imenyooshwa.

Magoti ya Niyonzima yalianza kukunjika. Kisha yakanyooka.

"Subiri, baba," akasema bila kugeuka.

Akabonyeza kitufe chekundu. Akazungusha vali kwa mkono mpaka mwisho, akautazama mshale hadi ukatulia, ndipo akanyamazisha king'ora. Baada ya hapo alikuja, akachuchumaa mbele ya mzee akapiga makofi kwa heshima zote.

"Umenijibu kwa mgongo," mzee alisema.

"Mgongo ulikuwa wako, baba. Mikono ilikuwa ya pampu."

"Nikifa utakuja kunizika, au utangoja kwanza kengele inyamaze?"

"Nitaizima, kisha nitakuja."

Mzee aliguna, lakini mikono yake aliitoa ishikwe.

Bi Asmahani alilifungua boya, akafuta vidole. "Ameweza," alisema. "Ila wakubwa Dar hawapendi pampu kusimama. Siku bosi atakapomwambia aendelee, malori yamepanga foleni, atafanyaje?"

"Atazima."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya kwake."

"Basi waandikie wakubwa Dar hivyo, Mwalimu, utie sahihi yako. Bila barua sitamwachia ubao."

Niliandika jioni ile ile, kwa mwandiko wangu bora, wala sikuwaomba chochote, niliwaarifu tu. Nilieleza kwamba Niyonzima amefuzu, kwamba anashika ubao peke yake, na kwamba ana ruhusa ya kuzima pampu bila kumuuliza mtu yeyote, awe meneja, mgeni au mimi mwalimu wake. Na akizima bure, hasara ya muda huo niulizwe mimi. Nikamsomea. Akaniomba nisome tena pale penye neno "yeyote".

Asubuhi tulikwenda pamoja posta ya Kibondo. Nililamba gundi ya bahasha, nikaikandamiza kwa kiganja, nikaitumbukiza sandukuni.