Colman Geraghty Arudi kwa Njia ya Chini

Jumanne moja ya Oktoba, mvua ilipokatika, Sabina Geraghty alitoka kuchimba viazi nyuma ya nyumba yake, kando ya ziwa, magharibi mwa Ireland. Kwenye tuta la mwisho sepetu iligonga kitu ambacho hakikuwa jiwe. Akainama, akafukua kwa mikono, akaona buti. Akalivuta.

"Taratibu, mama," sauti ikasema kutoka chini. "Mguu huo ndio mbovu."

Alikuwa mwanawe Colman, aliyefia vitani Flanders, Ubelgiji, miaka mitatu nyuma. Sabina aliweka sepetu kando, akamshika makwapani, akamtoa. Alikuwa na koti la jeshi la Mfalme wa Uingereza, limeganda matope ya kijivu ambayo upande ule wa nchi hayapo.

"Nimekuharibia tuta," Colman alisema.

"Acha tu. Viazi vyenyewe vya mwaka huu vina ugonjwa. Umekuja kwa njia gani?"

"Ya chini."

"Na bahari je?"

"Chini ya bahari nako ni udongo, mama. Mgumu kidogo."

Sabina alimsadiki. Kuchimba ndiyo ilikuwa kazi ya Colman tangu utotoni. Baba yake alipofariki, yeye ndiye aliyeendelea kukata ule udongo mweusi wa kinamasini ambao watu wa huko huukausha wakaukokea moto, na mitaro yake ilinyooka mpaka wapita njia walisimama kuitazama. Kisha ikaja vita na Wajerumani. Padri Lavelle alisema kanisani kwamba Ubelgiji ni nchi ndogo ya Wakatoliki inayoonewa na jirani mkubwa, na Colman akasema nchi ya namna hiyo anaijua. Akajiandikisha katika jeshi la Mfalme wa Uingereza, ambaye siku hizo ndiye aliyetawala Ireland. Siku ya kuondoka bendi ilipiga tarumbeta stesheni, padri akawabariki vijana, na Festus Coyne, mhunzi, akambebea Colman begi mpaka mlangoni mwa behewa, akilia kwa fahari.

Huko Flanders sepetu aliishika kuliko bunduki. Alichimba mahandaki, akachimba vyoo, akachimba makaburi ya wenzake. Asubuhi moja askari mmoja alizama kwenye matope mpaka kifuani, na wengine wakampita kwa sababu amri ilikuwa kusonga mbele. Colman akarudi, akamchimbua. Yule alipotoka tu, kombora likaangusha ukuta wa handaki juu ya Colman. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Watu waliomfahamu hawakutarajia kwamba angetulia pale.

Mama yake alimketisha karibu na moto, akampa kikombe cha chai. Kunywa hakuweza, ila alikikumbatia kwa viganja vyote viwili.

"Sitaki makuu," alisema. "Nataka nilale pembeni ya baba, pale kanisani. Nimechoka, mama."

"Utalala, baba. Nitaongea na padri."

Padri Lavelle alikuja kesho yake pamoja na Festus Coyne. Siku hizo Festus ndiye aliyekuwa akiongoza vijana wa pale waliopigana kuwafukuza Waingereza, na hakuna kilichofanyika parokiani bila yeye kuulizwa.

"Mungu awabariki wa nyumba hii," Festus alisema mlangoni, akavua kofia. "Umekonda, Colman."

"Nimekufa, Festus."

"Tulisikia. Pole sana."

Wakakaa. Sabina akawamiminia chai. Padri akaisogeza yake kando.

"Mama Colman, shida si kijana. Shida ni koti. Tangu Waingereza wawapige risasi viongozi wetu kule Dublin, watu hawataki kuliona. Vijana wa Festus wawili wamelala pale kanisani, na waliowaua ni watu wenye koti hilihili."

"Si wewe uliyelibariki, Padri?" Colman aliuliza. Hakuuliza kwa ukali.

"Ni mimi. Nyakati zimebadilika, mwanangu."

"Ungekuja na nguo nyingine, ningekuzika kwa mikono yangu," Festus alisema. "Haki ya Mungu."

Sabina aliinuka, akaleta suti ya Jumapili aliyoitunza kabatini. Wote watatu wakajaribu kumvua Colman. Vifungo vilitoka, lakini koti lilikuwa limeshika mwili kama gome la mti. Festus alipovuta mkono wa kushoto, ngozi ikaanza kufuata.

"Basi, basi," padri alisema.

Wakavirudisha vifungo, wakamaliza chai, wakaaga.

Alhamisi mchana wakaja askari wa Mfalme kusaka silaha. Walipindua vitanda, wakachoma magunia kwa singe, kisha ofisa wao, kijana wa umri wa Colman, akamwona yule aliyekaa kando ya moto. Colman akasimama wima, akapiga saluti. Ofisa akasoma kibati cha jina kilichokuwa shingoni mwa Colman.

"Geraghty. Wewe tumekuzika Ubelgiji."

"Ndiyo, afande."

"Una msalaba kule, na nyasi zinakatwa. Umeondoka kwa ruhusa ya nani?"

"Hakuna niliyemwona wa kumuomba, afande."

"Basi umetoroka jeshini. Kwa heshima ya mama yako sitaandika kitu. Lakini rudi kituoni kwako."

"Kaburi la hapa hamuwezi kumpa?" Sabina aliuliza.

"Mama, analo tayari," ofisa alisema, akatoka.

Palibaki kiwanja cha kuzikia watoto. Kilikuwa ng'ambo ya ziwa, juu ya kilima chenye miiba, ambako walizikwa wachanga waliokufa kabla ya ubatizo na wageni waliookotwa ufukweni. Kanisa halikupatambua. Sabina alipafahamu, maana binti yake wa kwanza yuko pale, chini ya jiwe jeupe lisilo na jina.

Jumamosi asubuhi walizunguka ziwa kwa miguu, mama ameshika mkono wa mwana. Colman alichimba mwenyewe, karibu na jiwe jeupe, kuta zikanyooka, kisha akalala ndani. Festus alikuja na sepetu yake, akasaidia kurudishia udongo, na kabla Sabina hajaanza sala akavaa kofia na kuondoka.

"Kuna baridi huko?" Sabina aliuliza.

"Hapana, mama. Hapa pazuri," Colman alisema, na udongo ukajaa.

Mwezi wa Novemba padri husoma madhabahuni majina ya marehemu wote wa parokia. Alisoma Flaherty, akasoma Furey, akasoma Geraghty Bartley, ambaye ni baba yake Colman.

"Na Colman," Sabina alisema kutoka benchi lake, kwa sauti ya kawaida.

Padri akasubiri amalize, kisha akasoma Glynn. Festus, aliyekuwa amepiga magoti nyuma yake, alikohoa.

Mwaka uliofuata padri alipofika kwa Geraghty Bartley alinyamaza mwenyewe, akageuza macho kwenye benchi la Sabina, akangoja. Sabina akalitaja jina. Padri akaendelea na Glynn. Ikawa ndiyo desturi, na watoto waliozaliwa baadaye walidhani ndivyo sala ile inavyosomwa kila mahali.