Mteremko wa Kiriri

Valéry, mume wangu, alikufa mwaka jana kwa ugonjwa wa ini. Gari lake lilibaki kwangu. Siku ya kuondoa matanga ilipokaribia, ilibidi nipande nalo hadi kwao Muramvya, nikiwa na mama yake na watoto. Barabara ile ni kona na milima. Nikampelekea Faridi, fundi wa Buyenzi aliyekuwa akilitengeneza tangu zamani, abadilishe breki zote, za mbele na za nyuma.

Siku moja kabla ya safari nilienda kulichukua. Nilikuta limeoshwa.

"Mama Carmen, freni ni mupya zote. Nipe malipo yangu, ulale muzuri."

"Panda kwanza. Twende Kiriri, kule mlimani, turudi."

"Kiriri? Na hii shida ya essence? Unataka kuimwanga bure!"

"Mi ndiye nilipiga foleni ya petroli. Panda."

Mafundi wenzake walicheka. "Panda, Faridi! Leo una chauffeur!"

Alipanda akijifuta mikono. Njia nzima ya kupanda alizungumza juu ya Valéry na utani wao. Nilimwacha azungumze. Huko juu nikageuza gari, mji wote ukawa chini yetu. Nilipoachia breki ya mkono, Faridi aliivuta tena.

"Teremuka na gia ya kwanza, Mama Carmen. Freni usiifinye sana."

"Kwa nini?"

"Ya mbele nilibadilisha, wallahi. Ya nyuma... sikuifungua."

"Na kesho nabeba watoto."

"Nilijua utaenda polepole."

Tuliteremka kwa gia ya kwanza mpaka Buyenzi. Nikaketi juu ya tairi kuukuu, akafungua magurudumu ya nyuma mbele yangu. Breki zilikuwa zimelika, kimebaki chuma. Akaenda dukani kutafuta mpya, akafunga.

"Marehemu hakunifanyia hivi hata siku moja."

"Alikuwa anakuamini."

"Na we?"

"Panda tena."

Safari hii niliteremka Kiriri nikikanyaga breki kila kona, na gari likasimama kila mahali nilipotaka. Ndipo nikamlipa.

Nyumbani mama mkwe aliniuliza nilikuwa wapi mpaka giza likaingia. Nikamwambia, kwa Faridi.

"Na Valéry alikuwa hivyo hivyo," alisema. "Akifika kwa Faridi, harudi."