Mbwa Aliyemfaa Abigael

Mara ya tatu wezi walipoingia shambani kwao Tezo, waliondoka na mpira wa kumwagilia mchicha, sufuria ya kupikia wageni, na pasi ya makaa ambayo Abigael aliachiwa na marehemu mama yake. Ilikuwa mchana kweupe. Abigael alikuwemo ndani, akiusikia mpira ule ukiburutwa majanini, na hakuthubutu hata kukohoa.

Mumewe, Gerishom, alikuwa fundi bomba katika hoteli moja huko Malindi. Aliporudi jioni na kuelezwa, aliitupa kofia yake mezani.

"Basi! Tutanunua mbwa, Mama Purity. Na si mbwa jina tu. Mbwa ambaye mwizi akimwona, anageuka mwenyewe bila kuambiwa."

Abigael aliiokota kofia, akaitundika ukutani. Alipokuwa na miaka tisa, kwao Vihiga, mbwa alimng'ata mguu akitoka kusaga mahindi, na tangu hapo hakuwahi kumsogelea mbwa kwa hiari yake. Akimwona njiani, alizunguka hata kama ni kupita matopeni. Lakini kukaa nyumbani mwake kama mfungwa nako kulikuwa kumemchosha.

Jumamosi wakaenda Malindi kwa Bi Jedida, mama wa Kigiriama aliyepita miaka sitini, mfupi, mkakamavu, ambaye alifuga na kuuza mbwa nje kidogo ya mji. Ua wake ulikuwa umefagiwa ukafagika. Mabanda yalipakwa chokaa, na jikoni palinukia dagaa waliochemshwa pamoja na unga.

"Shikamoo, mama," Abigael alisema, amesimama karibu na lango.

"Marahaba, mwanangu. Sogea basi, mbona umeganda huko?"

Gerishom alikwisha kutoa simu. Alimwonyesha picha ya mtoto wa mbwa aina ya rotwaila, mweusi, amenona kama andazi. "Tunamtaka wa namna hii."

"Wapo," Bi Jedida alisema. "Nani atashinda naye nyumbani?"

"Huyu hapa, mke wangu. Mimi niko kazini mchana kutwa."

"Basi anayenunua ni yeye, wewe umemsindikiza tu. Na kwangu hakuna anayeonyeshwa watoto kabla hajamshika mkubwa."

Gerishom akacheka. "Mama, sisi tumefuata mtoto, hatukufuata mzazi."

"Mtoto ni wa miezi mitatu, baba. Mkubwa utakuwa naye miaka kumi."

Alifungua banda, akatoka na rotwaila dume aliyeitwa Jabali, kichwa kama kinu. Gerishom akaomba kamba yeye kwanza, aonyeshe mfano. Hakupiga hatua nne. Jabali aliona kuku nyuma ya ua akaondoka, na Gerishom akaondoka naye, mpaka kwenye karo la kuogeshea mbwa, kiatu kimoja kikibaki katikati ya uwanja. Bi Jedida akapiga mluzi. Jabali akaketi palepale kama mtoto wa madrasa.

"Sasa wewe, mwanangu."

Abigael alipokea kamba. Aliishika kwa ncha za vidole, mkono ameunyoosha mbali na mwili. Jabali alimtazama usoni mara moja tu, kisha akatazama kwingine, kama mtu aliyekwisha kupata jibu alilolitaka. Abigael akairudisha kamba.

"Huyu simwezi," alisema. "Wala akikua sitamweza."

"Atazoea," Gerishom aliingilia upesi, huku akivaa kiatu chake.

"Atakayezoea ni mbwa," Bi Jedida alimjibu. "Atazoea kwamba mama huyu anamwogopa. Siku hiyo nyumba itakuwa yake, na nyinyi mtakuwa wapangaji." Akamgeukia Abigael, na sauti yake ikalainika. "Miaka kumi na minne nauza mbwa. Walioniambia 'huyu simwezi' kabla sijawaambia mimi, hawajatimia watano. Usione haya. Ngoja."

Akarudi na mbwa jike aina ya labrado, rangi ya tende mbivu, na ndilo lililokuwa jina lake: Tende. Alikuja akitikisika mwili mzima kwa furaha, akajiegemeza kwenye goti la Abigael. Abigael alifumba macho. Alipoyafumbua, Tende alikuwa bado ameegemea, anahema tu.

"Nenda naye hadi langoni, mrudi."

Walikwenda. Wakati wa kurudi, Tende alisimama kunusa jiwe.

"Twende," Abigael alinong'ona.

Tende aliendelea kunusa. Abigael akavuta pumzi, akalisema neno lile kwa sauti aliyokuwa akimwamshia Purity, binti yake, asubuhi za shule, kabla hajaenda bweni. "Twende!"

Tende akainua kichwa, akaja. Abigael alisikia joto likimpanda kifuani. Mbwa alikuwa amemsikiliza! Mbwa mzima, mwenye meno yake yote.

Ndipo wakafunguliwa watoto wa Tende, sita. Mmoja aliwapanda wenzake mgongoni, akakirukia kiatu cha Gerishom na kukitafuna.

"Huyu!" Gerishom alishangilia. "Huyu ndiye shujaa."

Mwingine alijibanza pembeni, akikataa hata kutazamwa. Wa tatu alikuja taratibu, akaketi, akauma pindo la leso ya Abigael. Abigael alipolivuta, aliliachia na kumtazama, kana kwamba anauliza sasa tufanye nini.

"Nimechagua," Abigael alisema. "Huyu."

"Lakini, Mama Purity, yule wa kiatu..."

"Nimekwisha kuchagua, Baba Purity."

Ni yeye mwenyewe aliyeshtuka kujisikia. Bi Jedida alikuwa amempa Gerishom mgongo asionekane akitabasamu.

"Dakika kumi kila siku," alimwagiza Abigael wakiagana. "Keti, njoo, kaa hapo. Akikurukia, mpe mgongo. Akitii, mpe kidagaa. Na ukiona umechoka, ujue naye amechoka."

Walimwita Korosho. Kadzo, jirani yao, alikuja kumtazama, akashika kiuno akacheka. "Mwenzangu, hiki nacho kitamlinda nani? Mwizi akija si kitambebea mzigo?" Gerishom naye alikuwa amekwisha kujigamba kazini, na wiki nzima aliitwa na wenzake aonyeshe picha ya rotwaila wake, naye akawa anasema simu imeisha chaji.

Abigael hakuwa na nafasi ya kuona haya. Korosho alitafuna ndala mbili, akafukua miche ya mchicha, akaiba chapati ikiwa moto. Alipofika miezi mitano, alimrukia Abigael kifuani kwa furaha, na woga ule wa miaka yote ukamrudia. Alitaka kukimbilia ndani. Badala yake akageuka, akampa mgongo, akasimama akitetemeka hadi Korosho alipotua na kutulia. Kisha akampa kidagaa. Siku hiyo walilirudia jambo hilo mara kumi na mbili, na mara ya mwisho Abigael alikuwa hatetemeki tena.

Korosho alikua akawa mbwa mpana, kifua kama mlango. Kila asubuhi walitembea pamoja hadi barabara kuu na kurudi. Watoto wakamwita Mama Korosho. Siku moja Abigael alifika nyumbani, akavua viatu, ndipo alipokumbuka kwamba amepishana na mbwa wawili wa watu njiani wala hakuzunguka popote.

Mwaka ulikaribia kutimia. Jumanne moja, yapata saa tano, Abigael alikuwa akichambua kunde sebuleni. Korosho alibweka mara moja, sauti nzito. Abigael akachungulia dirishani. Mwanamume mmoja, mnunuzi wa vyuma chakavu, alikuwa ameegesha mkokoteni kando ya mgomba, naye ameinama akiing'oa pampu ya maji.

Abigael alisikia ungo ukianguka. Alikuwa keshafika nje, Korosho ubavuni mwake.

"Iweke chini."

Mtu yule aliinuka, pampu mikononi. "Aa, mama, nilidhani imetupwa."

"Imetupwa, na bado imefungwa kwenye bomba? Iweke chini."

Mtu yule alimtazama, akamtazama mbwa. Mkia wa Korosho ulikuwa unapepea. Alipenda wageni kupita kiasi. Abigael aliuona, akahofu mtu yule naye asije akauona.

"Keti!" alisema.

Korosho akaketi papo hapo, mkia ukalaliwa, macho yote kwa Abigael, akingoja neno la pili. Mtu yule naye alilingoja. Hakujua lingekuwa lipi. Kwa kweli hata Korosho hakulijua.

Pampu ikatua chini polepole, kama yai.

Hapo ndipo Abigael aliposogea hadi kwenye mkokoteni na kufunua gunia. Chini yake palikuwa na sufuria yenye mpini uliopindwa. Aliijua.

"Na hii ya Kadzo. Ishushe."

"Mama, hii nimenunua..."

"Kadzo!" Abigael aliita, sauti ikavuka ua na mchongoma. "Kadzo, hebu njoo utazame sufuria yako!"

Kadzo alikuja mbio, na nyuma yake majirani wengine wanne. Alipoiona sufuria yake, na kumwona Abigael amesimama mbele ya mwizi bila hata fimbo mkononi, alipiga vigelegele hadi kuku wakatawanyika. Mtu yule alikabidhiwa kwa mzee wa mtaa, na mkokoteni wake uliposhushwa wote, nyumba tatu zilipata vitu vyao.

Gerishom alisikia habari akiwa bado kazini, akarudi mapema, jasho likimtiririka.

"Amemng'ata wapi?" aliuliza, hata hajaketi.

"Nani kakwambia amemng'ata? Alikuwa anamchekea."

"Sasa mwizi alitishwa na nini?"

Abigael aliweka sahani ya wali na kunde mbele yake. "Na mimi."

Gerishom alimtazama mkewe, kijiko kikiwa hewani. Kisha akatazama mlangoni, ambako Korosho alikuwa amelala, kichwa juu ya kizingiti.

"Keti," Gerishom akamwamuru.

Korosho alipiga miayo.

Gerishom akakohoa. "Mama Purity," akasema taratibu, "hilo neno... wewe hulisemaje?"

Abigael akacheka, akavuta kigoda, na kumpa kidagaa ashike.