Mlango wa Kanisa Kwanza

Ukitaka kumwahidi Mungu kitu, ahidi chumbani peke yako. Mimi niliahidi mbele ya kanisa zima, Jumapili ya kwanza baada ya mafuriko, tumekaa chini ya turubai, kila mtu analia. Nikasimama, mtu mzima na akili zangu, nikasema nyumba yangu haitapata mlango kabla nyumba ya Mungu haijapata wake. Watu wakapiga makofi. Mke wangu hakupiga.

Mimi ni seremala. Miezi minne sasa nautengenezea mtaa mzima milango, na kwangu tunalala na pazia. Mbuzi wa jirani anaingia kama mwenye nyumba. Wiki iliyopita mwizi naye aliingia, akabeba sufuria mbili na mablanketi, wala hakuhitaji kunyata.

Mlango wa kanisa ungekuwa umekwisha zamani. Tatizo ni kamati ya ujenzi. Mwenyekiti wake ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu ambaye hata kunywa maji angekuitishia kikao. Kwanza walitaka mlango wa bawa moja. Nikapasua mbao, nikapiga randa, nikaunga. Wakaniita: yawe mawili, maana jeneza litapitaje? Nikafanya mawili. Wakaniita tena.

"Fundi, tumeona upana uongezwe kidogo. Maharusi wa siku hizi magauni yao mapana."

"Mwalimu, pale hata ukuta hakuna. Harusi ya nani?"

"Usikate tamaa. Imani, fundi."

"Imani ninayo. Mlango ndio sina."

"Basi Alhamisi tutakaa tulijadili."

Nilirudi nyumbani nimevimba kama chura. Nikamkuta mke wangu amefunga kifurushi cha nguo.

"Naenda kwa dada yangu. Nitarudi ukishapata mlango."

"Basi nautundika leo leo! Mungu anaona hali yetu."

"Thubutu! Kwenye nyumba ya mvunja ahadi kwa Mungu silali mimi, hata iwe na milango saba."

"Sasa mama watoto, unataka nini? Kamati..."

"Kwani uliiahidi kamati?"

Nikatoka kwenda kuazima mkokoteni.

Asubuhi nilipakia fremu na mabawa yote mawili kwenye mkokoteni. Kiwanja cha kanisa kilikuwa na msingi tu. Nikasimamisha fremu upande wa mbele, nikaikaza kwa mihimili, nikatundika mabawa. Mlango ukafunguka, ukafungwa, vizuri kabisa, na kushoto na kulia hewa tupu.

Mwalimu akaja mbio. "Fundi! Nini hiki? Kamati haijaamua!"

"Mlango umefika, Mwalimu. Kuta zitaufuata."

"Na magauni?"

"Yapite pembeni. Nafasi tele."

Akaanza kunisomea taratibu za kamati, moja baada ya nyingine. Nikavua kofia nikaanza kuomba kwa sauti, maana mzee wa kanisa kama yeye hawezi kumkatiza mtu anayeomba. "Bwana, mlango wako huu. Umechelewa, unisamehe. Waliouchelewesha unawajua. Amina."

"Amina," Mwalimu akaitikia kabla hajajizuia.

Nyumbani, mke wangu alikuwa bado hajaondoka, amekikalia kifurushi chake.

"Umeuweka?"

"Nimeuweka."

"Umeomba?"

"Nimeomba."

"Kwa hasira?"

"Kidogo."

Akanitazama, akainuka, akakisukumia kifurushi ndani kwa mguu.

"Haya, pima. Na mabawa mawili sitaki kusikia."