Saini ya Mjane

Wawira aliitaja maiti birika la pili lilipokwisha. Mpaka hapo tulikuwa tumeongea joto la Missouri City, zamu zangu za hospitali na jinsi binti yangu Abigail alivyorefuka. Kwetu mgeni mwenye haja haimwagi mlangoni, na hata Texas desturi hiyo haikutuacha. Niliwamiminia chai, yeye na mwenzake, nikawaacha wazunguke. Siku hiyo nilikuwa nimeingoja kwa miaka, sikuona sababu ya kuiharakisha.

"Mama Abby," Wawira akasema, akikiweka kikombe chini taratibu, "tiketi ya mwili tushabuku. Kericho wanangoja. Sasa hawa watu wa mochari wanasema lazima wife a-sign."

"Wife ni nani?"

Alikisogeza kikombe kando. Wawira ni mwenyekiti wa chama cha Wakenya huko Dallas, mwanamke wa kunyamazisha ukumbi bila kipaza sauti, na ndiye aliyewatangazia watu kwamba mimi si mke wa Kimutai tena. Wazee wa pande zote mbili walikaa huko nyumbani, wakaivunja ndoa, kila mtu akaridhika. Hakuna aliyekumbuka kwamba tulioana pia kortini, Fort Worth, na kwamba korti ya Texas haiwatambui wazee wetu. Talaka hatukuwahi kuiomba. Kimutai alikufa akiwa mume wangu, na maiti yake ilikuwa mikononi mwangu.

Kama hukumjua Kimutai, basi hukualikwa kwenye harusi ya Mkenya yeyote Texas. Alikulia kwenye vilima vya chai, redio ya baba yake ikipiga nyimbo za Wamarekani wa mashambani kila Jumapili, akaja huku kusoma na masomo yenyewe akayatupa mwaka wa kwanza. Alinunua kofia pana, buti za wachunga ng'ombe na gitaa la umeme. Aliimba Kikalenjin na Kiswahili juu ya ngoma nzito za roki, akiimbia lori, ng'ombe na mama zake waliobaki nyuma, hata Wazungu wa baa za Fort Worth wakaacha kucheza pool wamsikilize. Alikunywa kama alivyoimba. Ini ndilo lililomwangusha. Leo vijana wa DeSoto mpaka Houston wanavaa kofia kama yake na kuliburuta neno la mwisho la kila mstari kama yeye, hata wale ambao Kericho hawajawahi kuiona.

Na wimbo wanaoupenda kuliko yote una jina langu. *Loice, nirudishie mtoto.* Ukifika kwenye kiitikio watu hunyanyua mikono. Wameniimbia usoni nikiwa na sahani ya pilau. Nimebadilisha kanisa kwa sababu yake. Muuguzi mgeni aliwahi kusoma kibandiko cha jina langu kazini, akatabasamu, akauliza, "Ni wewe?"

Kilichotokea ni hiki. Ilikuwa Agosti, mwezi wa joto kali Texas, mchana, na Kimutai alitakiwa kumpeleka Abigail kwa daktari wa meno. Alipitia baa waliyokuwa wakifanyia mazoezi. Akamfungia mtoto wa miaka mitatu garini, madirisha yamefungwa, akaingia kuonja moja. Claude, mpiga ngoma wake, alichelewa siku hiyo. Aliona kiatu kidogo kikigonga kioo, kisha kikaacha. Alivunja kioo kwa mkono, akambeba mtoto hadi jikoni mwa baa, akamlaza kwenye sinki chini ya maji, akanipigia simu. Nilipofika, Abigail ameanza kulia, na Kimutai yuko kaunta anakaza nyuzi za gitaa. Hakuwa amejua lolote. Nilimchukua mwanangu akiwa bado analowa, nikaendesha moja kwa moja hadi Houston bila hata kupitia nyumbani kuchukua nguo. Sikumwambia mtu, maana katika nchi hii ukilisema jambo kama hilo serikali huchukua mtoto kwanza, maswali baadaye.

Mwaka uliofuata wimbo ukatoka. Kwenye ngoma alikuwa Claude.

Sasa Claude alikuwa ameketi kwenye kochi langu pamoja na Wawira, mikono katikati ya magoti. Ni Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, mtu mpole, anayeniita shemeji tangu siku ya kwanza.

"Nitatia saini," nikawaambia. "Lakini Jumamosi kanisani, tukimuaga, kabla wimbo haujapigwa, Claude atasimama aseme alichokiona siku ile. Yeye, si mimi. Mimi hawataniamini. Asiposema, namzika hapahapa."

"Siku gani?" Wawira akauliza. Kweli hakujua.

"Shemeji," Claude akasema, "marehemu hasemwi."

"Mimi nimesemwa nikiwa hai."

Claude aligeukia korido ya vyumbani. Huko Abigail alikuwa akifanya mazoezi ya wimbo uleule. Aliniomba mwenyewe aupige siku ya kumuaga, na nilimkubalia.

"Na huyu?" Claude akauliza kwa sauti ya chini. "Anaamini baba yake alimlilia."

"Anaamini uongo," nikasema. Nilisema kwa raha, sitaficha. Nilikuwa na kiu ya kuziona sura za wale watu.

Jumamosi kanisa la Cedar Hill lilifurika. Kofia zilijaa kama mnada wa ng'ombe. Claude alisimama bila vijiti vyake, hajui mikono aiweke wapi, akaeleza yote kwa Kiswahili chake cha Kigoma: baa, kiatu, kioo, sinki. Akakunja mkono wa shati wakaona kovu. "Shemeji hakuiba mtoto," akasema. "Na mimi nimeupiga huu wimbo miaka yote nikijua." Kisha akakaa.

Nilizipitia sura zao moja baada ya nyingine. Waliowahi kuninyanyulia mikono walitazama sakafu. Wawira alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa. Nilishiba, kweli nilishiba.

Halafu nikamtazama Abigail. Alikuwa mbele, gitaa pajani, kofia ya baba yake kichwani. Aliivua, akaiweka chini. Gitaa nalo akaliegemeza ukutani bila kugusa hata uzi mmoja.

Wawira alinifikia haraka na karatasi, kabla sijageuza nia. "Mama Abby, umepata ulichotaka."

Alisema kweli. Nilichukua kalamu, na ningemsindikiza Kimutai kwa moyo mweupe siku hiyo. Lakini Abigail alikuwa ameshashuka, akasimama kati yangu na Wawira.

"Is that the paper to take him home?"

"Ndiyo."

Aliweka kiganja juu ya karatasi. "Don't sign it."

"Mtoto wangu," Wawira akasema, "baba yako alikuwa analilia nyumbani kila wimbo. Hata hospitali alisema tu, nipelekeni nyumbani."

Abigail hujibu kwa Kiingereza daima. Siku hiyo alitafuta Kiswahili, neno moja moja, ili kila mtu aelewe.

"Hata mimi, mle kwa gari, nilitaka kwenda nyumbani."

Hakuinua sauti wala hakulia. Kisasi changu kilitaka aibu ya siku moja tu, niende zangu nikalale. Chake sikukiona mwisho wake. Nilimwangalia usoni nikatafuta mtoto wa kumbembeleza, nikamkosa, nikarudisha kifuniko cha kalamu.

Kimutai tulimzika nje ya Houston, kwenye ardhi tambarare isiyo na kilima hata kimoja. Vijana wenye kofia husafiri kutoka Dallas kwenda kumpigia gitaa kaburini. Wimbo bado wanaupiga, ila wakifika kwenye jina langu huguna tu na kuendelea. Wawira hanisalimii.

Abigail hajawahi kwenda huko kaburini. Jioni hujifungia chumbani na gitaa, na anapiga vizuri, anapiga kama baba yake hasa. Mimi husimama nje ya mlango na nguo zake nilizozikunja mkononi, nikisikiliza, na mpaka leo sijapata ujasiri wa kubisha.