Chumba cha Kuangalia Mlima

Kabla ya vita, wageni wa nyumba yetu pale Beni waligombania chumba namba nne, kwa sababu dirisha lake linaangalia Ruwenzori. Vita vilipokuja, watalii walikwisha. Waliobaki, wachuuzi wa samaki wa Kyavinyonge na walimu waliohamishwa, walitaka vyumba vya nyuma, karibu na mlango wa jikoni. Nilikuwa nimesomea utalii Butembo, lakini hilo sikufundishwa na mtu: hofu ya mgeni huonekana kwenye chumba anachokichagua.

Ndiyo maana Bwana Urbain alipoomba namba nne, mkono wangu ulisita kwenye funguo.

“Nimekuja kupanda mulima,” alisema. “Kuko guide?”

Alikuwepo kaka yangu Kambere, aliyezoea kuwaongoza watalii mlimani. Tangu watalii waondoke, alikuwa akisukuma baiskeli ya mawese kutoka Eringeti. Alikuja mbio, kofia yake ya zamani kichwani. Wakapatana kuondoka kesho yake, kwa njia ya Mutwanga.

Jikoni nikamnong'oneza kaka yangu, “Yaya, ule mutu hapana mutalii. Bote banaogopa namba nne, yeye anaiomba.”

“Weye na masomo yako! Mutu akikataa chai, unasema ni mupelelezi.”

“Ile njia iko na basoda na bunduki zao. Wakikukuta naye, batakuua weye wa kwanza.”

“Client wa kwanza tangu vita, Kaswera, na unataka nimufukuze?”

Mama alikuwa akimenya mihogo. “Hata miye sikumupenda,” alisema. “Lakini kutomupenda mutu, ile hapana ushahidi.”

Alfajiri mawingu yalifunguka, mlima ukatoka wote, mweupe. Nikabeba chai hadi namba nne. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Bwana Urbain alikuwa amekaa dirishani, lakini kiti alikuwa amekigeuza upande, kuelekea kona ambapo barabara ya Kasindi huonekana. Malori ya askari yalikuwa yakipita. Midomo yake ilicheza bila sauti, kama ya mtu anayehesabu.

“Bwana, mulima umetoka.”

“Eh? Ni muzuri,” alijibu, bila kugeuza kichwa.

Uani, Kambere alimpokea na sweta za kukodisha. “Patron, chagua. Kule juu baridi inauma sawa imbwa.”

“Hapana lazima. Tutafika kwanza pale daraja, halafu tutaona.”

Daraja la njia ya Mutwanga lililindwa na askari. Kambere alitazama mlima, kisha sweta mkononi mwake. Wateja wake wote wa zamani, hata wenye kiburi, walianza kwa kuuliza habari ya baridi. Akaanza kukohoa. Kaka yangu hajui kudanganya. Alikohoa vibaya sana.

“Unisamehe, patron. Ni kifua. Leo siwezi.”

Bwana Urbain alimtazama, akanitazama na mimi. Nikainamisha macho. Alichukua mfuko wake akaenda, wala hakuuliza guide mwingine.

Kambere alikunja sweta moja moja. “Na kama alikuwa mutalii kweli?” aliniuliza.

Nilitundika ufunguo wa namba nne mahali pake. Mama akaniita mlangoni: mama mmoja wa Kyavinyonge amefika na vikapu vyake, anaomba chumba cha nyuma.